Ushirika Uliowaponyoka: Wakulima wa Pamba wa Mwanza na Historia ya Kudai Haki

Katika miaka ya 1940, mkulima wa Kwimba, Magu au Ukerewe aliyemaliza kuvuna pamba yake alibakiwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuichambua. Familia nzima ilikaa chini na kutenga pamba nyeupe safi na ile iliyochafuka au kushambuliwa na wadudu, ambayo gulioni iliitwa fifi na kulipwa bei ya chini. Kazi hiyo ilikuwa hasa ya wanawake na watoto, nayo ilikula siku nyingi. Ya pili ilikuwa kuibeba pamba hadi gulioni na kusimama mbele ya mizani ya mtu mwingine.

Mizani ile ilikuwa ya mnunuzi, na karani aliyeisoma alikuwa wa mnunuzi. Aliyeamua kama pamba ni safi au fifi alikuwa yeye yule. Mkulima asiyejua kusoma namba alitajiwa ratili zake, akalipwa, akaondoka. Njia za kumpunja zilijulikana vijijini kote: mizani iliyochezewa isome pungufu, ratili za mwisho zisizohesabiwa, pamba safi iliyoandikwa fifi, senti za chenji zilizokosekana. Kwa mzigo mmoja hasara ilionekana ndogo. Kwa msimu mzima, katika nchi nzima ya Usukuma, ilikuwa mali nyingi iliyohama kutoka kwa waliolima kwenda kwa waliopima.

Naianzia hapa historia ya siasa za usawa katika Kanda ya Ziwa kwa sababu hapa ndipo zilipoanzia. Tumezoea kuusimulia ujamaa wa Tanzania kuanzia Arusha, Februari 1967, kana kwamba fikra ya kukomesha unyonyaji iliteremshwa na viongozi kwa wananchi waliokuwa wakiisubiri. Ukweli ni kwamba miaka kumi na tano kabla ya Azimio la Arusha, wakulima wa pamba wa Mwanza, wengi wao wasiojua kusoma, walikuwa wameshaanza kujenga kwa mikono yao chombo cha kumiliki jasho lao. Chombo hicho kilikuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa Afrika. Namna kilivyojengwa na namna kilivyowaponyoka ni somo ambalo kila mtu anayejiita mpigania haki katika nchi hii anapaswa kulijua.

Bei ya mkoloni, matuta ya mkoloni

Pamba ililetwa Usukuma kama zao la biashara wakati wa Wajerumani, lakini ilienea hasa chini ya Waingereza. Jineri za kutenganisha nyuzi na mbegu zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache wenye leseni, wengi wao wenye asili ya India. Serikali ilipanga bei, ikapanga nani anunue na wapi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka michache baadaye, pamba yote iliuzwa kwa mkupuo kwa serikali ya Uingereza. Bei ya dunia ilipopanda, mkulima hakuiona. Tofauti kati ya bei aliyolipwa na bei iliyopatikana ilibaki katika mfuko uliosimamiwa na serikali, kwa maelezo kwamba ingemlinda siku bei itakapoanguka. Hakuulizwa kama anakubali.

Juu ya hayo, mwaka 1947 ulianza Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliokuwa na makao yake Malya. Wataalamu waliona ardhi inachoka, ng'ombe ni wengi, miti inakwisha. Hayo hayakuwa uongo. Lakini dawa waliyoileta ilikuwa amri. Mkulima alitakiwa alime matuta ya kufungana, atie samadi, apunguze mifugo, asikate miti, ahamie Geita kwenye ardhi iliyokuwa wazi. Aliyekaidi alitozwa faini au kufungwa, na wa kumkamata alikuwa mtemi wake mwenyewe, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa Bwana Shauri. Ng'ombe kwa Msukuma ndiyo benki, ndiyo mahari, ndiyo kinga ya njaa, na kumlazimisha auze kwa ajili ya hesabu za ofisi kulimuumiza kuliko kodi yoyote.

Hali haikuwa tofauti sana kwingine kuzunguka ziwa. Bukoba, wakulima wa kahawa waliinuka mwaka 1937 kupinga kanuni za kilimo walizotungiwa bila kushirikishwa, na mwaka 1950 wakapata chama chao kikuu cha ushirika. Kisumu, Oginga Odinga alianzisha mwaka 1947 kampuni ya akiba na biashara ili Wajaluo wamiliki kitu chao. Buganda, Ignatius Musazi aliwaunganisha wakulima waliotaka kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Machafuko yalipozuka Aprili 1949, serikali ilikipiga marufuku chama chao. Watu hawa walitoka katika tawala na lugha mbalimbali, lakini dai lao lilifanana: anayelima awe na sauti juu ya bei, mizani na kiwanda.

Wapimaji wa wakulima

Jibu la kwanza la wakulima wa Usukuma na Ukerewe lilikuwa rahisi na la busara. Katika baadhi ya maeneo walichangishana, wakapata mizani yao na kuajiri vijana waliosoma kidogo kuwa wapimaji wao. Mkulima alipitia kwanza kwa mpimaji wa wenzake, akaandikiwa ratili zake kwenye karatasi, kisha akaenda kwa mnunuzi akiwa na ushahidi mkononi. Hakuna sheria iliyobadilishwa wala duka lililochomwa moto. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi alijua sasa kuna jicho lingine linalosoma namba.

Umoja huo ulikuwa na mizizi ya zamani. Usukuma ilikuwa na vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, kila kikundi na kiongozi wake, nsumba ntale, aliyepanga nani analimiwa leo na nani kesho, na aliyesimamia faini kwa mtegaji. Mpaka leo anayetazama ngoma ya bugobogobo, wachezaji wakirusha majembe juu na kuyadaka kwa mdundo mmoja, anaona mabaki ya kazi iliyofanywa kwa pamoja na kwa hesabu. Waliohamasisha ushirika hawakulazimika kuwafundisha Wasukuma umoja. Walichohitaji kufundisha ni uandishi wa daftari.

Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa vijana wa mjini Mwanza. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kiadventista, aliyezaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma na kupata uzoefu wa kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapo Mwanza. Karibu naye walikuwapo watu wa Tanganyika African Association, TAA, ambayo katika Jimbo la Ziwa ilikuwa na moto kuliko sehemu nyingi za nchi. Mshairi Saadani Abdu Kandoro alikuwa mmoja wao, na Julai 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU jijini Dar es Salaam. Isaac Bhoke Munanka, ambaye baadaye alikuwa waziri, naye alikulia kisiasa katika safu hizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa na kuzunguka vijijini wakieleza jambo moja: tuuze pamba yetu kwa pamoja. Serikali, iliyokuwa imeona yaliyotokea Buganda, iliona afadhali ushirika ulioandikishwa kuliko hasira isiyo na mlango wa kutokea. Mwaka 1953 vyama vya msingi vya kwanza viliandikishwa. Bomani alipelekwa Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 vyama vikuu vya wilaya viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo watu wote waliiita VFCU, makao yake Mwanza.

Kilichofuata kilishangaza hata wataalamu. Ndani ya miaka michache ushirika ulinunua karibu pamba yote ya jimbo. Ulianza kumiliki jineri zake, ya kwanza ikiwa Kasamwa, Geita. Vyama vya msingi vikafika mamia, kila kimoja na kamati iliyochaguliwa, ghala, mizani na karani. Pamba nayo ikaongezeka: katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha karibu tani 80,000 za nyuzi kwa mwaka, sehemu kubwa sana ikitoka kanda hii. Mkulima yule ambaye mabwana kilimo walikuwa wamesema hawezi kuendelea bila kulazimishwa, alilima zaidi pale alipoona faida inarudi kwake.

Haki ya VFCU haikuwa kamilifu, na lazima tuseme hivyo. Kadi ya uanachama ilikuwa kwa kawaida ya mwanamume, mkuu wa kaya. Mke aliyepanda, akapalilia, akavuna na kuchambua hakuwa na jina kwenye daftari wala sauti kwenye mkutano, na fedha za pamba mara nyingi ziligeuka ng'ombe kabla hazijafika jikoni. Ushirika uliondoa dhuluma ya gulioni, lakini ile ya nyumbani uliiacha kama ulivyoikuta.

Siasa ndani ya ghala la pamba

Mwishoni mwa mwaka 1954, miezi michache tu baada ya TANU kuzaliwa, serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi yake Usukuma. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1958. Kwa muda wote huo, katika eneo lenye watu wengi kuliko karibu lolote lingine nchini, chama cha ukombozi hakikuruhusiwa kufanya kazi hadharani. Serikali ilisahau kwamba wakulima walikuwa na mikutano yao tayari. Walikutana kuchagua kamati, kusikia hesabu, kujadili bei, na palepale wakajifunza kupiga kura, kuhoji kiongozi na kumwondoa. Bomani alikuwa kiongozi wa ushirika na wa siasa kwa wakati mmoja, na mstari kati ya mambo hayo mawili ulikuwa mwembamba sana.

Mwaka 1958 mstari huo ulikatika. Serikali ya Gavana Twining ilikuwa imeamua kuunda Geita baraza la wilaya la mseto wa rangi, ingawa wasio Waafrika wilayani walikuwa wachache mno. Kwa wananchi lilikuwa jaribio la kuwapa wageni viti juu ya ardhi yao, na mzigo wa sheria za ng'ombe na matuta ulikuwa bado shingoni. Walikataa. Viongozi walipokamatwa, watu waliinuka kwa maelfu, wakavuka kuja Mwanza kudai kusikilizwa na mkuu wa jimbo. Walikaa mjini, hawakuwa na silaha, na walitawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi. Lakini ushindi ulikuwa wao. Mwaka huohuo Twining aliondoka, Turnbull akaja, mpango wa mabaraza ya mseto ukafa na marufuku ya TANU ikaondolewa. Usukuma ilipoingia kwenye uchaguzi wa Februari 1959, watu wake walikuwa wameshapita katika shule ngumu ya siasa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya shule hulipitia upesi. Uhuru wa Tanganyika, unaosifiwa kwa kupatikana bila kumwaga damu nyingi, ulisukumwa pia na wakulima wa Geita waliotembea hadi Mwanza na kupigwa. Wengi wao hawana hata jina kwenye ukurasa.

Daftari linapofungwa

Uhuru ulipokaribia, Bomani aliingia serikalini, akawa Waziri wa Kilimo na baadaye wa Fedha. Wengi wa waliojua kazi waliondoka naye kwenda Dar es Salaam. Huku nyuma VFCU iliongezewa mizigo. Ilipewa kazi ya kununua mazao mengine, ikaajiri watu wengi kuliko ilivyohitaji, mara nyingi kwa undugu au kwa shinikizo la wanasiasa. Ilianzisha mashamba makubwa ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta, na gharama zikazidi mavuno. Madeni yakabaki kwa wakulima. Kila senti ya ratili ilianza kukatwa: makato ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya shirikisho, ushuru wa halmashauri. Vijijini malalamiko ya zamani yakarudi, ya mizani na ya fifi, safari hii dhidi ya karani mzalendo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la VFCU lilikuwapo, ila mwanachama hakuonyeshwa tena. Hapo ndipo palipokuwa na ufa. Ukubwa wa chama haukuwa kosa, wala fikra ya ushirika haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba kadiri chama kilivyopanda ngazi, ndivyo mwenye chama alivyobaki chini bila njia ya kukihoji. Wale waliodhani tatizo lilikuwa asili ya mwenye duka walipaswa kushtuka. Rangi ya anayepima ilikuwa imebadilika na punjo likabaki, kwa sababu anayepimiwa hakuwa na uwezo juu ya anayempimia.

Wapiga kura walitoa hukumu yao. Katika uchaguzi mkuu wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, Paul Bomani, Waziri wa Fedha na baba wa ushirika wa pamba, alishindwa katika jimbo lake la Mwanza. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini kote. Kamati ilikuta ubadhirifu, upendeleo, uongozi dhaifu na kuingiliwa na wanasiasa. Serikali ikaichukua menejimenti ya VFCU, na muda mfupi baadaye shirikisho likafumuliwa na kuundwa upya kama Nyanza Cooperative Union.

Wakulima walikuwa wamelalamikia wezi, nao walitaka wezi waondolewe. Hawakuomba chama chao kiondolewe mikononi mwao. Tofauti hiyo haikuzingatiwa, na gharama yake ilionekana baadaye.

Matembezi ya kutoka Butiama

Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilisema kwa maneno ya wazi yale ambayo gulio la pamba lilikuwa limeyafundisha kwa vitendo: kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenzake, na kwamba kiongozi asiwe bepari wala kabaila. Vijana nchi nzima walitembea kwa miguu kuliunga mkono. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, akipita katika vijiji vya pamba na mifugo, hadi kwenye mkutano mkuu wa TANU uliofanyika jijini humo. Hapo tarehe 16 Oktoba alitoa hotuba ya kulifafanua Azimio, na hapo ndipo siasa ya ujamaa vijijini, aliyoiandika mwezi mmoja kabla, ilipowekwa mbele ya chama.

Andiko lile lilitaka vijiji vijengwe kwa hiari. Lilisema wazi kwamba mtu halazimishwi kuwa mjamaa. Kama historia ingesimama hapo, Mwanza ingekumbukwa kama mji ambamo ushirika wa wakulima na siasa ya taifa vilikutana na kukumbatiana.

Haikusimama hapo. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa na maofisa wa serikali kuu wakachukua nafasi zake. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mwananchi wa mashambani awe anaishi katika kijiji kilichopangwa. Katika Mwanza na Shinyanga, ambako Wasukuma waliishi kwa kutawanyika ili wapate malisho na nafasi ya kulima, watu walipakiwa kwenye malori, nyumba zikabomolewa, mashamba yakaachwa mbali. Aliyekuwa na kumbukumbu ya Malya na matuta ya lazima aliitambua sura ile. Mtaalamu alijua, mkulima alitii.

Mei 1976 vyama vikuu vyote vya ushirika nchini vilifutwa. Nyanza ilikuwa kimojawapo. Kazi ya kununua pamba ilipewa vijiji na mamlaka ya serikali ya pamba. Chombo ambacho wakulima walikijenga tangu siku za wapimaji kilifungwa kwa uamuzi wa Dar es Salaam, bila kura ya mwanachama hata mmoja. Magari, maghala na jineri vikagawiwa. Mkulima akauza pamba yake kwa mkopo kwa serikali yake, akasubiri malipo kwa miezi, na wengi wakapunguza ekari. Uzalishaji haukurudi kwenye kiwango cha katikati ya miaka ya 1960 kwa muda mrefu sana.

Mwaka huo wa 1976 ulikuwa na kiza kingine. Katika operesheni ya kuwasaka watuhumiwa wa mauaji Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu wengi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliopaswa kuwalinda. Habari zilipojulikana, Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, na wakubwa wengine pia wakaondoka. Kujiuzulu huko kunastahili heshima. Hata hivyo kunathibitisha jambo lilelile: wananchi walipokwisha kunyang'anywa halmashauri na vyama vyao, hakukubaki kitu kati yao na dola.

Katika mwaka huohuo wa 1976 Issa Shivji, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania. Alieleza kwamba chini ya jina la ujamaa lilikuwa limekua tabaka la watendaji wa serikali na mashirika ya umma, lililodhibiti mali ya nchi bila kuimiliki kwa hati. Hiyo ilikuwa sauti ya kushoto ikiihoji serikali iliyojiita ya kushoto, na mkulima wa Magu angeielewa bila kufundishwa nadharia. Nyerere mwenyewe, alipokuwa akikaribia kung'atuka, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya kama angeanza upya. Ni wachache kati ya viongozi wa zama zake waliokiri hivyo.

Soko huria na wenye mizani wapya

Sheria ya 1982 iliruhusu ushirika urudi, na Nyanza ikafufuliwa mwaka 1984. Lakini ulirudishwa kwa njia ileile uliyoondolewa, kutoka juu. Mwanachama hakujiunga, aliandikwa. Chama kilirithi madeni na kikaongeza mengine. Pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, chini ya mageuzi yaliyosukumwa na wakopeshaji wa kimataifa, Nyanza haikuwa na mtaji wala imani ya wakulima, na kwa miaka michache ikasinyaa. Mali zake nyingi zilizonunuliwa kwa senti za ratili zikaishia mikononi mwa watu binafsi. Kiwanda cha nguo cha Mwatex nacho kilibinafsishwa, na pamba yetu iliyo nyingi ikaendelea kusafirishwa nje ikiwa marobota.

Vijana waliokimbia pamba walikimbilia ziwani na migodini. Wakati huo sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani tangu zama za ukoloni, alikuwa ameenea kila mahali, na viwanda vya minofu vilikuwa vimejengwa Mwanza. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na wakazi wa mjini wakanunua mapanki, vichwa na miiba iliyobaki. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilipoonyesha hali hiyo duniani, kukazuka hasira nchini, na ni kweli kwamba si kila kilichodaiwa ndani yake kilithibitishwa. Lakini ugomvi juu ya filamu ulifunika swali la msingi. Kwenye mwalo, mvuvi aliyekopeshwa nyavu na injini na wakala hana uhuru wa kumuuzia mwingine. Wakala ndiye anayepanga bei na kupima samaki, na deni linakatwa kabla fedha haijaguswa. Ulaya ilipofunga soko kwa vipindi kati ya 1997 na 1999 kwa sababu za kiafya, hasara ilishuka ngazi hadi kwa mvuvi, ambaye hakuwa na chama cha kumsemea.

Leo vyama vya msingi vya AMCOS vimerudishwa tena, kwa sheria ya 2013, na serikali imeagiza pamba iuzwe kupitia kwao. Malalamiko yamebaki yale yale: mizani iliyochezewa, malipo yanayochelewa, viongozi wasiosoma hesabu mbele ya wanachama. Wakaguzi wa ushirika hutoa taarifa zinazoonyesha vyama vingi visivyoweka vitabu ipasavyo. Wapo pia wakulima wanaoweka maji na mchanga kwenye pamba ili iwe nzito. Nalaani tabia hiyo, lakini naielewa ilikotoka: mtu aliyezoea kupunjwa kwa vizazi vitatu hujifunza kupunja.

Baadhi ya watu hutoka katika historia hii wakisema ushirika umeshindwa, tuwaachie wenye mitaji. Wengine husema ubepari ndio adui, kwa hiyo serikali ichukue kila kitu. Historia ya Mwanza haikubaliani na upande wowote. Mfanyabiashara alimpunja mkulima, ofisa wa ushirika akampunja, mamlaka ya serikali ikamcheleweshea, kampuni ya soko huria ikamwamulia bei. Katika zama hizo zote, kipindi alichopata haki kubwa zaidi kilikuwa kile kifupi alipokuwa na uwezo wa kusoma hesabu za chama chake na kumwondoa kiongozi aliyeiba.

Siasa ya kushoto yenye maana kwa Kanda ya Ziwa inapaswa kupimwa kwa uwezo huo. Mkutano mkuu wa AMCOS usomewe hesabu kwa lugha inayoeleweka, na kamati ichaguliwe bila orodha kutoka wilayani. Mwanamke anayelima awe mwanachama kwa jina lake na alipwe mkononi mwake. Wavuvi waruhusiwe na kusaidiwa kuwa na vyama vyao vya mikopo ili wakala asiwe ndiye benki pekee ya mwalo. Jineri na viwanda vya minofu viwe na hisa za wanaozalisha, kwa sababu faida kubwa iko kwenye kuchambua na kusindika kuliko kwenye kulima na kuvua. Na serikali ilinde haya yote dhidi ya wezi kwa kuwashtaki wezi, si kwa kuvifuta vyama. Hakuna hata moja kati ya madai haya lililo geni hapa. Wakulima wa Usukuma waliyaanza kabla ya kuwa na bendera, kwa michango yao na kwa vijana wachache waliojua kuandika namba, na hakuna sababu kwa nini wajukuu wao, waliosoma zaidi yao, wasiyamalize.